Taifa Si Keki

Waingereza wana usemi wa kugawana keki, kila mmoja akapata kipande chake, wakimaanisha mgawo wa mali au faida. Hapa Uganda usemi huo umevishwa joho la siasa ukawa "national cake", na sasa umejipenyeza katika Kiswahili kwa jina la "keki ya taifa". Nanyi wanafunzi wangu mnauandika katika insha kana kwamba mliusiwa na wahenga. Uacheni.

Tuanze na maana. Msiuchanganye na "piece of cake", ambao ni jambo jepesi mno, lile ambalo Mswahili angelifananisha na kumsukuma mlevi. Keki ya taifa ni mali ya umma: bajeti, barabara, ajira za serikali, na zaidi ya yote, vyeo. Mtu anaponung'unika kwamba eneo lake halijapata kipande cha keki, mara nyingi halilii kisima wala zahanati. Anaulilia uwaziri wa mtu wa kwao.

Hebu fikirini keki ya harusini. Mgeni haulizi unga ulitoka wapi. Huketi akingoja. Wenye kisu hukata, wakwe hupelekewa vipande vyao kwa magoti, na walioketi nyuma ya hema hupata makombo yaliyofungwa katika karatasi, nao hushukuru. Ndivyo usemi huu unavyomfanya raia kuwa mwalikwa katika nchi yake mwenyewe! Ilhali unga ni wake. Ukinunua bidhaa inayotozwa kodi ya ongezeko la thamani kwa shilingi 5,900, shilingi 900 kati ya hizo ni kodi, maana kiwango chake nchini ni asilimia 18. Ibara ya 17 ya Katiba yetu ya mwaka 1995 inamtaka raia alipe kodi, na ibara hiyohiyo inamtaka apambane na rushwa na ubadhirifu wa mali ya umma. Mwalikwa wa harusi hana wajibu wa namna hiyo.

Atatokea wa kunijibu kwamba sisi tulikuwa tukila kabla ya kukijua Kiingereza. Kweli. Kabaka akitawazwa, Waganda husema amekula Buganda, yaani ameshika utawala. Kiswahili nacho kina kula rushwa, na cheo kinono huitwa ulaji. Siwasingizii Waingereza ulafi. Lakini sikilizeni sauti ya maneno hayo: "amekula rushwa" ni shutuma, na "ulaji" husemwa kwa kejeli. Keki huondoa aibu yote. Mla rushwa ni mwizi. Aliyepata kipande cha keki hupokewa kijijini kwa ngoma na vigelegele.

Tuna maneno yetu, nayo yanatosha: mali ya umma, hazina ya serikali, fungu la bajeti. Hilo la mwisho ndilo nilipendalo, kwa kuwa anayetaja fungu la elimu hana budi kusema ni shilingi ngapi, zimepitishwa na nani, zimefika shule ipi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na keki haina daftari.

Insha ya juma lijalo inahusu bajeti ya wilaya yenu. Nitakayoikuta na keki ndani yake nitairudisha iandikwe upya.