Watafiti wa malaria Ziwa Mweru: Afya ya akili isiyopimwa

Kwa zaidi ya muongo mmoja, wilaya ya Nchelenge katika mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia, imekuwa uwanja mkubwa wa utafiti wa malaria. Kituo cha Utafiti wa Magonjwa ya Kitropiki cha Ndola, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, hupima damu na kunasa mbu katika vijiji vya ufuoni mwa Ziwa Mweru. Licha ya vyandarua na upulizaji wa dawa majumbani, tafiti zilionyesha mara kwa mara kwamba karibu nusu ya waliopimwa walikuwa na vimelea.

Anayerudi katika kaya ileile mwezi hadi mwezi huwajua watoto kwa majina, na huwaona wakiugua tena baada ya kutibiwa. Hilo halina safu yake katika fomu za takwimu.

Juu ya huzuni hiyo kuna hofu ya mkate. Utafiti huo umetegemea fedha za Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani, ambazo Mei 1, 2025 zilitangaza kusitisha utoaji wa ruzuku zinazopitia vyuo vya Marekani kwenda kwa washirika wa nje, hadi utaratibu mpya uwekwe. Wavuvi wa Mweru hufungiwa ziwa kila Desemba hadi Februari, lakini angalau wanaijua tarehe ya kurudi majini. Mtafiti wa mkataba haijui.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018, uliowahusisha watu 2,279 kutoka nchi 26, ulibaini kuwa asilimia 41 ya wanafunzi wa shahada za juu walikuwa na wasiwasi wa kiwango cha kati hadi kikali. Waliohesabiwa ni wanafunzi. Msaidizi wa utafiti anayebeba sampuli kijijini hayumo, ingawa bila yeye hakuna tasnifu.

Zambia ilipitisha Sheria ya Afya ya Akili mwaka 2019, ikiondoa ile ya enzi za ukoloni. Hata hivyo, hospitali kuu ya magonjwa ya akili, Chainama Hills, iko Lusaka, zaidi ya kilomita 900 kutoka Nchelenge. Bajeti za utafiti hutenga fedha za mafuta ya gari na vitendanishi. Fungu la ushauri nasaha, pamoja na notisi ya miezi kadhaa kabla ya mkataba kukoma, lisingeuelemea mfuko wa mfadhili yeyote.