Handaki Kwanza, Upepo Baadaye



Ndugu yangu, dada yangu, juzi baada ya Isha tulikuwa msikitini tukikusanya saini za barua ya kumpelekea mbunge wetu kuhusu Gaza. Kijana mmoja, hata miaka ishirini hajafika, akairudisha karatasi bila kutia saini. Hakuwa na ubaya. Aliniambia tu, "Kaka, haya yote yashaandikwa. Mahdi anakuja, Dajjal atauawa, mambo yataisha. Saini ya nini sasa?"

Nikatoka pale nikapanda matatu kurudi nyumbani. Ndani kuna mhubiri amesimama, Biblia mkononi, anawaambia abiria kwamba vita hivi ni utabiri wa Ezekieli, ni Gogu na Magogu, na Israeli iachwe ipigane kwa sababu Mungu mwenyewe ako upande wake.

Hawa wawili wangekutana wangebishana mpaka alfajiri. Lakini ukisikiliza vizuri, wanasema kitu kimoja. Kila mmoja amemsukumia Mungu kazi ambayo Mungu amemwachia yeye. Mmoja amehalalisha mabomu, mwingine amekunja mikono.

Tuanze na mhubiri. Mlango wa 38 na 39 wa Ezekieli unazungumzia adui anayetoka kaskazini kuivamia nchi ya Israeli. Mwaka 1970 Mmarekani anayeitwa Hal Lindsey alitoa kitabu, The Late Great Planet Earth, kikauzwa kwa mamilioni. Hesabu yake ilikuwa hivi: Israeli iliundwa 1948, kizazi kimoja ni kama miaka 40, basi mwisho u karibu. Adui wa kaskazini alimfasiri kuwa ni Muungano wa Kisovieti. 1988 ikaja, ikapita. 1991 Muungano wa Kisovieti ukasambaratika bila hiyo vita. Je, wafasiri wa aina hii walisema tumekosea? Wengi walibadilisha majina tu. Wengine wakamgeukia Saddam na Babeli, na leo utasikia Iran. Andiko ni lile lile, adui anabadilika kulingana na habari za saa moja usiku.

Sisemi haya kuwacheka Wakristo. Subiri, zamu yetu inakuja.

Watu hawa husema ushindi wa Israeli wa Juni 1967, vita vya siku 6, ulikuwa muujiza. Lakini asubuhi ya tarehe 5 Juni ndege za Israeli zilizipiga ndege za Misri zikiwa bado chini viwanjani, na katika saa chache tu jeshi la anga la Misri likawa limevunjwa. Huo ulikuwa mpango uliofanyiwa mazoezi kwa muda mrefu. Ukiuita muujiza, unafunga mlango wa swali: je, kilichofanyika baada ya hapo ni haki? Nani anaweza kumshtaki Mungu mahakamani?

Na hapo ndipo hatari yenyewe ilipo. Tarehe 28 Oktoba 2023, jeshi lilipokuwa linaingia Gaza kwa miguu, Netanyahu aliwakumbusha watu wake Amaleki. Katika Agano la Kale, kitabu cha kwanza cha Samweli, Sauli anaamrishwa awaue Waamaleki wote, wanaume kwa wanawake, hata watoto wanaonyonya. Ofisi yake baadaye ilisema alikusudia Hamas. Afrika Kusini iliyachukua maneno hayo ikayaweka kwenye kesi yake mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki mwezi Desemba mwaka huo huo. Unaona sasa? Aya ya maelfu ya miaka ikisomwa na mwenye ndege za kivita, haibaki kuwa mjadala wa mitaani.

Na usisahau, siku 9 kabla ya maneno hayo, shambulio la Israeli lilipiga uwanja wa Kanisa la Mtakatifu Porphyrius, moja ya makanisa ya zamani kabisa Gaza, na kuua Wakristo waliokuwa wamekimbilia humo. Mhubiri wa matatu hakuwataja. Katika ramani yake ya utabiri hawamo.

Sasa zamu yetu. Mimi naamini alama za Kiyama, wala sitaki mtu anielewe vibaya. Lakini kuamini alama ni jambo moja, na kujipa cheo cha kuzisimamia ni jambo lingine. Mnakumbuka Dabiq? Ni mji mdogo kaskazini mwa Syria, umetajwa katika hadithi ya vita vya mwisho. ISIS waliuteka, na gazeti lao lilipewa jina hilo mwaka 2014, wakawaita vijana wa dunia nzima waje kushuhudia ahadi. Vijana wakaenda, hata kutoka huku kwetu. Oktoba 2016 mji ukawatoka baada ya mapigano mafupi tu. Vita vya mwisho havikutokea. Mama zao wakabaki na picha kwenye simu.

Je, basi Allah hasaidii vitani? Anasaidia. Tumeisoma Badr. Lakini hebu kumbuka Khandaq, mwaka wa 5 Hijria. Makabila yanakuja kwa wingi kuuzingira Madina. Mtume (s.a.w.) hakuwaambia Maswahaba wakae wangoje malaika. Alichukua ushauri wa Salman al-Farisi, wakachimba handaki, naye mwenyewe akabeba udongo, njaa imewabana matumbo. Upepo uliotawanya mahema ya maadui ulikuja, ndiyo. Lakini ulikuta handaki lishachimbwa. Na Uhud je? Mtume alikuwepo pale pale, lakini wapiga mishale walipoiacha nafasi waliyopangiwa, Waislamu walipigwa. Qur'ani haikuwaficha: iliwaambia msiba ule umetoka kwao wenyewe.

Oktoba 1973, mwezi 10 Ramadhani, Misri ilivuka Mfereji wa Suez. Operesheni yenyewe waliiita Badr. Ng'ambo kulikuwa na ukuta mrefu wa mchanga, na walioutoboa walitumia pampu za maji. Wazo hilo lilitoka kwa afisa mhandisi, Baki Zaki Yousef, ambaye alikuwa Mkristo wa Kikopti. Fikiria hapo kidogo. Operesheni inaitwa Badr, watu wamefunga, na njia imefunguliwa na akili ya Mkristo mwenye kujua nguvu ya maji.

Kwa hiyo jirani yako Mkristo asiwe adui yako kwa sababu ya mhubiri mmoja. Zungumza naye kwa kitabu chake. Mwambie afungue Yoshua mlango wa 5. Yoshua anamkuta amiri wa jeshi la Mungu, upanga mkononi, anamuuliza uko upande wetu au wa adui? Jibu analopata ni hapana. Hakuna jeshi linalommiliki Mungu. Muulize kwa upole, kama kwa Yoshua jibu lilikuwa hilo, huyu wa leo amepata wapi uhakika?

Na wewe, kabla hujatuma ile video ya "vita vya mwisho vimeanza", jiulize: nikiiamini, itanifanya nifanye nini? Kama inakufanya uwatetee wanaodhulumiwa, uchange, usome, uandike, uombe dua na kutoka, sawa. Kama inakufanya ukae tu, au ufurahie damu ya mtu asiye na hatia, ifute. Haijalishi imesomwa kwa sauti nzuri kiasi gani.

Yule kijana nitamtafuta Ijumaa, inshallah. Karatasi bado ina nafasi, ya kwake na ya kwako. Tutachimba handaki letu. Upepo ni wa Mwenyewe.