Tarakilishi Itii Kiswahili: Haja ya Mwanafunzi Kujipangia Mashine Yake

Ni jambo lisilopingika kwamba tasnifu za Kiswahili siku hizi huandikwa, husahihishwa na kuhifadhiwa katika tarakilishi. Hata hivyo, wengi wa wanaozitumia mashine hizo huzichukua jinsi zilivyotoka dukani, mithili ya mgeni anayeogopa kusogeza kiti katika nyumba ya mwenyeji wake. Matokeo ni kwamba lugha hupindwa ili iifae mashine, ilhali mashine ndiyo iliyopaswa kupindwa ili iifae lugha.

Mifano i tele. Programu ya kuandikia iliyopangwa kwa Kiingereza hukigeuza kishirikishi 'i' kuwa herufi kubwa, hata sentensi "Nyumba i wapi?" ikasomeka "Nyumba I wapi?". Katika orodha ya (a), (b) na (c), baadhi ya programu huiondoa (c) na kuweka alama ya hakimiliki. Aidha, maneno ya Kiswahili hupigiwa mstari mwekundu ukurasa mzima, mpaka mwandishi akazoea kuipuuza mistari hiyo, na kosa halisi la tahajia likapita bila kuonekana.

Madhara makubwa zaidi humfika mtafiti. Katika tahajia ya Kiswahili sanifu, ritifaa hutofautisha maana: ngoa ni wivu au tamaa, ng'oa ni kutoa kwa nguvu kilichoshika ardhini. Kwa mashine, ritifaa iliyonyooka na ile iliyopinda ni alama mbili tofauti, kila moja na namba yake katika mfumo wa Unicode. Isitoshe, skripti nyingi za kuchambua matini haziihesabu ritifaa kuwa sehemu ya neno. Hivyo basi, ng'ombe hukatwa vipande viwili, na ng'oa ikawa ng na oa. Mkulima aliyeng'oa mihogo huingizwa katika hesabu ya waliooa! Mtafiti asiyelitambua hilo atajenga hoja juu ya takwimu mbovu, na huenda msimamizi wake naye asing'amue.

Dawa yake si ghali. Skripti ni maagizo machache yaliyoandikwa katika faili ya maandishi matupu, na mashine huyafuata kwa zamu. Ya kuhesabu maneno yahitaji hatua nne: kuzigeuza ritifaa zote ziwe za aina moja, kufanya herufi zote kuwa ndogo, kutenga maneno huku ritifaa ikilindwa inapotanguliwa na ng na kufuatwa na irabu au w, kisha kuyapanga na kuyahesabu. Katika Linux, kazi hiyo ya mwisho hufanywa na amri mbili fupi, sort na uniq. Hatua ya tatu ndiyo inayomhitaji mwanaisimu, kwa kuwa mtaalamu wa tarakilishi asiyejua Kiswahili hawezi kuikisia.

Mipangilio mingine haihitaji hata skripti. Inatosha kuzima usahihishaji wa Kiingereza, kuteua Kiswahili cha Kenya au cha Tanzania kuwa lugha ya waraka, na kuweka vifupisho vinavyojipanua vyenyewe. Mwandishi aandikapo tuki, kwa mfano, mashine inaweza kumwandikia Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, jina linalohitajika kila anaporejelea machapisho yaliyotoka kabla taasisi hiyo haijaitwa TATAKI mnamo 2009.

Wapo watakaodai kuwa haya ni ya wanafunzi wa sayansi ya tarakilishi, na kwamba muda wa kusoma fasihi utapotelea katika kupamba mashine. Hofu hiyo ina msingi, kwani yuko awezaye kubadilisha rangi za kioo usiku kucha asiandike aya moja. Lakini kunoa jembe si sawa na kulitia nakshi. Wengine watasema tarakilishi za maabara si mali ya mwanafunzi. Kweli, ila faili ya skripti ni ndogo mno. Huingia katika diski mweko na kumfuata mwenyewe popote.

Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mnamo 2004, ulithibitisha kuwa programu nzima ya ofisi yaweza kuzungumza Kiswahili. Yaliyosalia ni madogo, nayo hayamngojei mfadhili. Yafaa idara za Kiswahili zitenge walau vipindi viwili katika somo la mbinu za utafiti ili kufunza mambo haya, nazo jumuiya za wanafunzi zikusanye skripti za wanachama wake, kila mstari ukifafanuliwa kwa Kiswahili ili anayeupokea ajue unafanya nini kabla ya kuutumia. Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Na lugha yenye wasomi wengi kiasi hiki haina sababu ya kuendelea kuazima.