Uzamifu wa Pili: Kuzama au Kuzamia?

Waliolitunga neno uzamifu, au uzamivu kama waandikavyo wengi nchini Tanzania, walijua walichokuwa wakikifanya. Shina lake ni zama. Anayezama huiacha nuru ya juu, akabana pumzi, akaenda chini mahali ambapo hapana wa kumshika mkono. Na aibukapo, ama ana kitu kiganjani ama hana. Hata hivyo, shina hilohilo likitiwa kiambishi cha kauli ya kutendea huzaa kitenzi kingine ambacho watu wa bandarini Mombasa na Dar es Salaam wanakifahamu barabara: kuzamia. Mzamiaji ni mpiga mbizi, naam, lakini pia ni yule ajifichaye ndani ya meli ili avuke bahari bila nauli, na vilevile ni yule aingiaye karamuni bila mwaliko. Irabu moja tu ndiyo inayowatenganisha msomi na mdandiaji, na walimu wa mofolojia hawana haja ya kutafuta mfano mwingine wa uwezo wa viambishi.

Tofauti hiyo ya kuzama na kuzamia yafaa ikumbukwe wakati huu ambapo wasomi waliokwisha kupata uzamifu wanashawishiwa wausake wa pili, kwa njia ya mtandao, katika programu iliyofupishwa.

Chukuliwe mfano wa mhadhiri wa Kiswahili aliyetimiza miaka hamsini na ushei. Alihitimu uzamifu wake wa isimu miaka kumi na miwili iliyopita, baada ya kuhangaika na lahaja moja ya pwani kwa muda uliokaribia kumvunjia ndoa. Tangu hapo amefundisha madarasa ya wanafunzi mia tatu, amesahihisha mitihani mpaka macho yakaingia ukungu, na cheo chake hakijasogea. Jioni moja anafungua barua pepe na kukuta tangazo la chuo cha ng'ambo: uzamifu wa uongozi wa elimu, miezi kumi na minane, hapana kusafiri, hapana mtihani wa kuingilia, na mwenye uzamifu mwingine atasamehewa sehemu ya masomo. Mwishoni kuna mradi wa kurasa chache mahali pa tasnifu. Ada yalipwa kwa dola, kidogo kidogo, kila mwezi.

Si haki kumcheka mtu huyo. Uchovu wake ni wa kweli, na mfumo uliomfikisha hapo haukumtendea wema. Yamkini anaona wenzake wenye vyeo vya utawala wakiitwa mikutanoni kwa msururu wa majina ya heshima, naye anaamini kwamba Dkt. wa pili atamfungulia mlango ambao wa kwanza haukuufungua. Swali linalopaswa kuulizwa si kama ana haki ya kusoma. Haki anayo. Swali ni kitu gani hasa anachokinunua.

Kwanza mtandao uondolewe lawama. Wapo bado maprofesa wanaolitamka neno hilo kwa kukunja pua, kana kwamba elimu haina budi kunuka chaki. Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, kilianza kufundisha kwa masafa mwaka 1946, zamani za barua na stempu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992, na Chuo Kikuu Huria cha Kenya kikapewa hati yake mwaka 2023. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipovifunga vyuo, tasnifu zilitetewa mbele ya kamera, watahini wakiwa majumbani mwao, na utetezi wa kweli ulibaki kuwa utetezi wa kweli. Umbali haujawahi kumzuia msimamizi mkali kuirudisha sura ya tatu ikiwa imejaa wino mwekundu.

Wala upili wenyewe si kosa. Nchini Ujerumani, msomi anayetaka uprofesa kwa njia ya jadi huandika kazi kubwa ya pili baada ya uzamifu, iitwayo Habilitation, nayo hutarajiwa kuipita ile ya kwanza kwa upana. Urusi ina daraja la doktor nauk juu ya lile la kandidat nauk. Ufaransa ilikuwa na udaktari wa dola, ambao ulifutwa mwaka 1984. Mara nyingi ulimla mtu miaka kumi au zaidi, na wako waliozeeka wakiuandika. Jambo la kuzingatia katika mapokeo hayo yote ni kwamba kazi ya pili ilikuwa ndefu na nzito kuliko ya kwanza. Ilichukuliwa kuwa aliyekwisha kujifunza kuogelea aweza sasa kupelekwa kwenye kina. Programu hizi mpya zimeipindua hoja hiyo: kwa kuwa umekwisha kuzama mara moja, zasema, safari hii inatosha kulowanisha miguu.

Ni nini, basi, kinachofupishwa? Wauzaji husema kwamba wanaondoa urasimu: foleni, fomu, vikao visivyokwisha. Laiti ingekuwa hivyo tu, kila mwanafunzi wa uzamifu nchini Kenya angewapigia makofi, kwa maana hakuna asiyemfahamu mwenzake aliyengoja mtahini wa nje mwaka mzima. Lakini urasimu haujawahi kuwa sehemu kubwa ya muda wa uzamifu wa kweli. Sehemu kubwa ni ujinga. Mtafiti hutumia mwaka wa kwanza akidhani anajua anachokitafuta, na wa pili akigundua kwamba hakujua.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji mfano wa mbali. Na auchukue mswada wa utenzi uliotoka Pate au Lamu, ulioandikwa kwa hati za Kiarabu. Hati hizo katika umbo lake la asili haziitofautishi o na u, wala e na i, na mara nyingi herufi moja hutumika kwa b na p. Neno lililo mbele ya mtafiti laweza kuwa pona, laweza kuwa puna. Vina vitamsaidia mwishoni mwa mshororo. Katikati hana msaada ila maana, na maana yenyewe imo katika lahaja ambayo huenda hakuizaliwa nayo. Hapo ndipo hupanda mashua, akaenda kuketi barazani kwa mzee, akanywa kahawa, akangoja mzee amalize habari ya harusi ya mjukuu ndipo aulize. Huenda mzee akamjibu siku hiyo. Huenda akamwambia arudi kesho, na kesho akamwambia kwamba swali lake lilikuwa baya. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mvungu huu hauna moduli ya wiki nane inayoweza kuufikia. Muda wa kungoja ni sehemu ya njia ya utafiti, ijapokuwa hakuna anayeuandika katika sura ya mbinu.

Marehemu Sheikh Ahmed Nabhany wa Lamu, aliyefariki mwaka 2017, hakuwa na uzamifu wa chuo kikuu hata mmoja. Watafiti wenye shahada na wanaozitafuta, wenyeji na wageni, walibisha hodi kwake Mombasa kumwuliza maana ya maneno. Neno runinga linahusishwa naye, na halikupatikana kwa kuharakisha. Lilitoka kwa mtu aliyeyaishi maneno ya ushairi na ya ubaharia mpaka yakawa mali yake. Kisa chake hakitajwi hapa ili kuzidunisha shahada, maana wapo wengi wanaomtaja kwa nia hiyo wakijificha nyuma ya kanzu yake. Chatajwa kwa sababu waliokwenda kwake walihitaji alichokuwa nacho, si alichokuwa ameandikiwa.

Ziko njia fupi zilizo halali, na uadilifu wataka zitajwe. Chuo Kikuu cha Cambridge kilianza mwaka 1966 kuwatunuku uzamifu wahitimu wake waliokwisha kuchapisha kazi zenye uzito. Vyuo vingine vya Uingereza vilifuata. Njia hiyo huonekana fupi kwa kuwa muda umekwisha kulipwa mbele. Mfano wa pili unagusa zaidi. Shule kadhaa za biashara, ile ya Chuo Kikuu cha Florida ikiwa mojawapo, ziliwahi kuanzisha programu fupi za daraja, chini ya mwavuli wa AACSB, shirika la kutoa ithibati kwa shule za biashara, ili wenye uzamifu wa taaluma nyingine wapate kufundisha masomo ya biashara. Walipomaliza walipewa cheti, si uzamifu wa pili. Waandalizi waliitambua kazi fupi kuwa kazi fupi na kuipa jina linaloitosha. Hakuna aliyedanganywa, na walimu walipatikana.

Penye jina kubwa kuliko kazi ndipo soko huingia. Mwaka 2015 gazeti la New York Times lilifichua jinsi kampuni ya Axact ya Karachi, Pakistan, ilivyokuwa ikiuza shahada za vyuo visivyokuwapo, vikiwa na tovuti za kupendeza na maprofesa waliokuwa waigizaji tu. Uzamifu ulikuwa miongoni mwa bidhaa. Programu iliyofupishwa ya chuo chenye ithibati si ulaghai wa aina hiyo, na kuzichanganya mbili hizo ni kuwaonea wengi. Ila tangazo la moja na tangazo la nyingine huzungumza kwa sauti ileile: wepesi, muda, punguzo la ada, heshima. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na uzamifu unaompigia mtu simu mara tatu kwa juma kumkumbusha ajisajili unapaswa kumtia shaka.

Na Wakenya wasijidai kwamba ugonjwa huu ni wa ng'ambo. Mwaka 2019 chuo kimoja cha umma nchini kilitunuku shahada za uzamifu 118 katika mahafali moja, watu wakashtuka, na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ikaingia kuchunguza. Hapakuwa na mtandao wa kulaumiwa. Swali lililoulizwa lilikuwa la hesabu rahisi: ni nani aliyewasimamia wote hao, na aliwasoma lini?

Tume hiyohiyo ndiyo iliyotoa, mwaka 2014, vigezo vya kuajiri na kupandisha vyeo wahadhiri, ikataka kila mhadhiri awe na uzamifu na kutoa muda wa miaka mitano. Amri hiyo ilizua haraka ambayo athari zake hazijafutika. Lakini mhadhiri wa mfano angevisoma vigezo vile kwa makini, angeona kwamba baada ya uzamifu wa kwanza kilichohesabiwa ni machapisho, na wanafunzi wa shahada za juu aliowasimamia mpaka wakahitimu. Anatoa akiba yake kulipia kitu ambacho wampandishao cheo hawakukiomba, huku walichokiomba akikiacha mezani.

Atajibu kwamba dunia imebadilika, na hapo hakosei. Umoja wa Afrika uliipitisha Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi mwaka 2022, UNESCO ilikwisha kuitengea siku ya tarehe 7 Julai, na mwalimu wa isimu asiyejua jinsi kompyuta inavyochakata matini ataachwa bandarini. Naam, ajifunze. Achukue kozi ya miezi sita ya isimu kongoo, au ya teknolojia ya tafsiri, kwa mtandao, usiku, akiwa amevaa kikoi chake. Arudi na cheti na maarifa. Hahitaji joho jipya ili ajue kuunda kongoo.

Au aifungue tena tasnifu yake. Ingali katika rafu ya maktaba, imejalidiwa kwa rangi nyeusi, na waliowahi kuisoma hawazidi watahini wake na wanafunzi wachache. Haijawa kitabu. Katika sura yake ya mwisho, chini ya kichwa cha mapendekezo, mna orodha ya mambo aliyowaachia watafiti wa baadaye: msamiati wa wavuvi ambao hakuwahi kuukusanya, vijiji viwili ambavyo mvua za masika zilimzuia kuvifikia, mswada alioonyeshwa na ajuza mmoja usiku wa kuamkia siku ya kuondoka. Miaka kumi na miwili imepita na huenda ajuza yule hayupo. Ada ya mwezi mmoja ya chuo kile cha ng'ambo yatosha kumfikisha Lamu na kumrudisha.

Juu ya meza yake, chini ya karatasi alizochapisha za fomu ya kujisajili, ipo sura ya pili ya mwanafunzi wake wa uzamili, msichana aliyetoka Kwale kwa basi la usiku kuileta. Aliambiwa arudi baada ya wiki mbili. Amekwisha kurudi mara tatu.