Albamu za 2021 na msikilizaji wa Mugango

Mwaka 2021 ulikuwa wa neema kwa Bongo Fleva. Rayvanny alitoa "Sound From Africa" Februari, Alikiba "Only One King" Oktoba, naye Harmonize akafuata Novemba na "High School". Majina yote ni ya Kiingereza. Soko lililolengwa halijifichi.

Profesa Jay alipotoa "Machozi, Jasho na Damu" mwaka 2001, mkazi wa Mugango, kando ya Ziwa Victoria, alihitaji redio kaseti na bei ya kanda moja. Sasa albamu husikilizwa kwa simu ya kisasa na bando. Asiyemudu hurekodiwa wimbo mmoja mmoja kwenye kadi ya simu, na msanii haambulii kitu. Sheria ya hakimiliki ipo tangu 1999, ingawa hata kanda zilidurufiwa ikiwapo.