MGENI, VITUKO VYA MAGAZETI NA MAISHA YA MJI

Tarehe 14 Novemba 2017, katika kituo cha Minami-Nagareyama karibu na Tokyo, treni moja iliyopaswa kuondoka saa 3 na dakika 44 na sekunde 40 za asubuhi iliondoka sekunde 20 kabla ya wakati wake. Hakuna abiria aliyelalamika. Hata hivyo shirika la reli hiyo, iitwayo Tsukuba Express, lilitoa taarifa ya kuuomba umma radhi, likaeleza kwamba wafanyakazi wa treni hawakuiangalia ratiba sawasawa. Haikuchukua muda taarifa hiyo ikaizunguka dunia. Magazeti ya Uingereza na Marekani yakaichapa pamoja na vituko vingine vya siku, na si ajabu hata leo kumsikia mkubwa wa kazi akiigeuza kuwa fimbo ya kuwachapia walio chini yake.

Habari hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini aliyeisoma akacheka, kisha akafunua ukurasa wa pili, hakuijua Tokyo zaidi ya alivyoijua jana yake. Huu ndio udhaifu wa habari za vituko. Haziwi lazima za uongo. Mara nyingi ni za kweli tupu. Kasoro yake ni kwamba hung'olewa katika maisha ya kila siku kama mche unavyong'olewa shambani, zikaonyeshwa mizizi ikiwa juu. Na kwa kuwa watu wengi hawatasafiri kamwe kwenda katika nchi zinazotajwa, kituko kimoja huweza kubaki vichwani mwao kuwa ndiyo sura nzima ya taifa. Wananchi wa Afrika wanaufahamu ubaya wa jambo hili bila kufundishwa na mtu, maana wao wenyewe wamechorwa hivyo kwa muda mrefu na wageni waliokuja, wakatazama, wakacheka, wakaondoka.

Hata hivyo mgeni si lazima awe kipofu. Upo mfano wa mtu mmoja aliyeianza kazi yake kwa vituko, akaishia mahali pengine kabisa. Yafaa watumishi wa umma na walimu waufikirie mfano huo, kwa mema yake na kwa makosa yake.

ALIYEANZA NA DAMU

Lafcadio Hearn alizaliwa mwaka 1850 katika kisiwa cha Lefkada, kwa mama wa Kigiriki na baba wa Kiirelandi aliyekuwa mganga katika jeshi la Uingereza. Alipelekwa Dublin akiwa mtoto mdogo. Akiwa na miaka 16 alipoteza jicho la kushoto, na mwaka 1869, akiwa kijana wa miaka 19, akasafirishwa kwenda Marekani akajitafutie maisha. Huko alikuwa fukara hasa. Mwishowe alipata kazi ya uandishi wa habari katika mji wa Cincinnati, na kilichompatia jina ni kituko cha kutisha: mwaka 1874 alieleza mauaji yaliyotokea katika kiwanda cha ngozi kwa maneno ya kusisimua mwili, na wasomaji wakayagombea magazeti.

Mwaka huo huo alimwoa Alethea Foley, mwanamke Mweusi aliyezaliwa utumwani. Sheria ya jimbo la Ohio ilikataza ndoa ya namna hiyo. Jambo hilo lilipojulikana, Hearn alifukuzwa kazi mwaka 1875. Gazeti lililokuwa tayari kuchapa damu ya maiti halikuwa tayari kuvumilia ndoa. Akahamia gazeti jingine la mji huo huo, akaanza kuzoea kwenda kando ya mto Ohio, mahali walipofanya kazi makuli Weusi wa meli za mvuke. Mwaka 1876 alichapisha maelezo marefu juu ya maisha yao na nyimbo zao. Watu ambao magazeti ya wakati ule yaliwataja pale tu walipopelekwa mahakamani, sasa walionekana wakifanya kazi, wakicheza ngoma na wakiimba.

Mwaka 1877 Hearn alihamia New Orleans, akakaa huko miaka 10. Mwaka 1878 homa ya manjano iliua zaidi ya watu 4,000 katika mji huo. Mwaka uliofuata Hearn mwenyewe alijaribu biashara ya hoteli ya chakula, kila sahani kwa senti 5, lakini baada ya wiki chache mshirika wake akatoroka na fedha, na hoteli ikafa. Katika gazeti dogo la mji huo aliandika juu ya mambo ambayo hayakuwa habari kwa mtu yeyote isipokuwa yeye: wachuuzi wanavyonadi bidhaa zao alfajiri, kila mmoja kwa sauti yake, wenye nyumba na wapangaji wao, joto na mbu. Aliyachora hata katika picha za kuchongwa kwenye mbao. Mwaka 1885 vikatoka vitabu viwili vyake, kimoja cha methali za Krioli na kingine cha mapishi ya mji huo. Kwa hivyo mtu aliyejulikana kwa habari za mauaji sasa alikuwa akikusanya methali na mapishi, na mji ukaonekana katika maandishi yake kuwa mahali panapokaa watu.

MWALIMU WA MATSUE

Mwaka 1890 Hearn alifika Japani, akaajiriwa kufundisha Kiingereza katika mji mdogo wa Matsue. Methali husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la Hearn lilikuwa chaki. Alizisoma insha za wanafunzi wake kwa makini, naye akazitia baadhi yake katika kitabu chake cha kwanza juu ya nchi hiyo, kilichotoka mwaka 1894. Mwalimu yeyote atauona uzito wa jambo hili. Mgeni mwingine angeuliza hotelini au ubalozini Wajapani ni watu wa namna gani. Yeye aliyapata majibu katika madaftari aliyokuwa akiyasahihisha.

Mwaka 1891 alimwoa Koizumi Setsu, na mwaka 1896 akawa raia wa Japani kwa jina la Koizumi Yakumo. Alifundisha katika Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo hadi mwaka 1903, akafariki mjini humo mwaka 1904. Kitabu chake cha hadithi za mizimu, *Kwaidan*, kilitoka mwaka huo wa mwisho wa maisha yake. Lakini Hearn hakukijua Kijapani cha vitabuni kiasi cha kuzisoma hadithi hizo peke yake. Setsu ndiye aliyekuwa akivitafuta vitabu vya kale, akivisoma, kisha akimsimulia mumewe jioni kwa Kijapani chepesi walichokizoea wawili hao. Sifa ya dunia ilimwendea mgeni, hali nusu ya kazi ilikuwa ya mwenyeji.

Hapana budi makosa yake yasemwe pia. Mkewe wa kwanza, Alethea Foley, naye alikuwa msimulizi hodari, na mwaka 1875 Hearn alichapisha hadithi zake za mizimu bila kumtaja jina wala kusema kuwa ni mkewe. Wakatengana mwaka 1877. Tena, huko Japani Hearn alizipenda mno desturi za kale, akavichukia viwanda na mambo mapya ambayo Wajapani wenyewe walikuwa wakiyajenga kwa mikono yao. Huo ni ugonjwa wa wageni wengi: huwapenda wenyeji mradi wasibadilike. Mgeni wa namna hiyo hacheki kama yule wa vituko, lakini naye amewafanya wenyeji kuwa pambo.

SEKUNDE 20 NA MAISHA YA WATU 107

Sasa yafaa kurudi kituoni Minami-Nagareyama. Kuzielewa zile sekunde 20 kwataka kupanda treni hiyo asubuhi baada ya asubuhi, si kusoma juu yake mara moja. Katika mji mkubwa kama Tokyo, pamoja na miji inayouzunguka yenye wakazi wapatao milioni 37, mtu hupanga safari yake kwa kuunganisha treni na treni. Treni ikichelewa, aliyewahi huchoka kungoja, lakini husafiri. Treni ikiondoka mapema, anayeachwa ni yule aliyefika kwa wakati. Ametimiza wajibu wake wote, na bado ameachwa. Ndiyo maana ya ile taarifa ya radhi. Ratiba ni ahadi kwa umma, na aliyeivunja ni mwenye treni.

Lakini kisa hiki kina upande wa pili, nao haukuchapwa pamoja na kile kituko. Tarehe 25 Aprili 2005, katika mji wa Amagasaki, magharibi ya Japani, treni ya shirika jingine iliacha reli kwenye kona, ikaligonga jengo la makazi. Watu 107 walikufa, dereva akiwa miongoni mwao, na zaidi ya 500 walijeruhiwa. Dereva huyo, kijana wa miaka 23, alikuwa amepitiliza kituo kimoja akalazimika kurudi nyuma, akapoteza kiasi cha dakika moja na nusu. Aliingia katika kona hiyo kwa mwendo wa kilomita 116 kwa saa, mahali ambapo mwisho ulikuwa kilomita 70. Uchunguzi ulionyesha kwamba katika shirika lake wafanyakazi waliokosea waliadhibiwa kwa mafunzo ya kudhalilishwa, na hofu ya adhabu hizo ilihesabiwa miongoni mwa mambo yaliyochangia ajali.

Mambo haya mawili yakiwekwa pamoja, somo hubadilika. Nidhamu ya wakati inayotokana na kumheshimu abiria huleta radhi kwa sekunde 20. Nidhamu ya wakati inayotokana na kumwogopa mkubwa iliwahi kuleta maiti 107. Kwa nje nidhamu hizo mbili hufanana, na msomaji wa vituko hawezi kuzitofautisha. Mkubwa wa kazi anayeitumia habari ya mwaka 2017 kuwatisha watumishi wake, bila kuijua ile ya mwaka 2005, anaiga hasa lile lililowagharimu Wajapani.

WAJIBU WA WENYE KUSOMA

Walimu wana nafasi ya kwanza katika kulirekebisha jambo hili. Mwanafunzi aletapo darasani kituko cha nchi ya mbali, asinyamazishwe, maana udadisi ndio mwanzo wa elimu. Bali aulizwe: aliyekiandika alikaa huko muda gani? Alisema na nani? Watu wa huko hufanya nini siku ambayo hakuna kituko? Maswali hayo matatu yatamfaa vile vile siku atakapokutana na maandishi ya mgeni juu ya kijiji chake mwenyewe.

Kwa watumishi wa umma, somo liko karibu zaidi. Ripoti nyingi hufika maofisini zikiwa zimeandikwa na watu waliopita kwa siku mbili, na baadhi yao si wageni kutoka ng'ambo. Ni maofisa wa makao makuu waliokwenda wilayani asubuhi wakarudi jioni. Ripoti ya namna hiyo haina budi kuulizwa ni nani aliyemsimulia mwandishi, na kwa nini jina lake halimo. Nyuma ya Hearn alikuwapo Setsu, na nyuma ya ripoti nzuri daima yupo mwenyeji aliyekesha.

Na kuhusu zile sekunde 20, hakuna haja ya kwenda Tokyo ili kuzielewa. Mwananchi aliyetembea tangu alfajiri akafika dirishani dakika 10 kabla ya saa ya kufunga, akalikuta limekwisha fungwa, amefikwa na jambo lile lile lililotukia Minami-Nagareyama. Amefika kwa wakati, na treni imemwacha. Tofauti ni kwamba huku hakuna gazeti litakaloliita kituko, kwa sababu limezoeleka. Mtumishi aliyelifunga dirisha hilo ndiye anayedaiwa radhi, na radhi iliyo bora ni kuliacha wazi kesho hadi saa iliyoandikwa mlangoni.