Mkono Utakaoishika Ndio Uchague

Nimechomelea vyuma kwa miaka mingi, na macho yangu pamoja na mgongo wangu ni mashahidi. Kwa hiyo sitaomba radhi nikisema kwamba wengi wanaotuchagulia mashine za kuchomelea zenye injini hawajui wanachochagua, na gharama ya kutojua kwao hulipwa na wengine.

Vijana watano hapa Njombe, watatu kati yao niliwafundisha kazi mimi mwenyewe, waliunda kikundi wakakopa fedha za kununua mashine ya kubeba. Walitaka kuwafuata wateja vijijini: plau zilizovunjika, matela, minara ya matangi ya maji, mahali ambapo nguzo ya umeme iko mbali na kazi. Wazo lilikuwa zuri. Lakini mkopeshaji alishikilia kwamba mashine ichaguliwe na mtaalamu wake. Mtaalamu akapanga karatasi za bei mezani, akatafuta ampea nyingi kwa fedha kidogo, akatia sahihi. Ubavuni, kwa herufi nene: ampea 200. Vijana wakashangilia.

Mimi niliinama kusoma herufi ndogo. Ampea 200 kwa asilimia 20. Msomaji usiyeijua kazi hii, maana yake ni kwamba katika kila dakika 10, kwa ampea hizo unachomelea dakika 2 tu, nane zilizobaki unaiacha ipoe. Kumsifu mpagazi kwa gunia analoweza kulinyanyua, bila kuuliza atalitembeza hatua ngapi, ndiko huku.

Na hizo 200 za nini? Kijiti cha milimita 3.2, ambacho ndicho kinachofanya sehemu kubwa ya kazi za vijijini, kinataka ampea 90 hadi 130 hivi. Mimi ningechukua mashine ya ampea 150 inayovumilia dakika 6 kati ya 10, nikawaachia wengine herufi nene.

Kisha kuna hewa, jambo ambalo karatasi za bei hazilitaji. Injini ya kawaida isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda kutoka usawa wa bahari. Njombe iko karibu mita 2,000. Mashine iliyojaribiwa Dar es Salaam ikanguruma vizuri, inafika huku ikiwa imeacha moja ya tano ya nguvu njiani. Halafu mwenzako anachomeka grenda kwenye soketi ya mashine hiyohiyo, na injini moja inagawana kazi mbili.

Wapo wanaonijibu kwamba maskini hachagui. Ile ya dizeli, inayozunguka taratibu mara 1,500 kwa dakika, hudumu na hula mafuta kidogo, lakini ni ghali na haipandi pikipiki. Ni kweli. Kwa anayeunga bawaba mbili kwa wiki, ndogo ya petroli inatosha kabisa; nami nilianza na hiyo. Sina ugomvi na mashine ndogo. Ugomvi wangu ni kuivika kanzu ya kubwa na kumkopesha nayo kijana asiye na kitu.

Kazi ya kwanza kubwa ilikuwa mnara wa tangi. Mashine ikawa inazimika kwa joto, vijana wakiwasha tena kwa kuwa mteja amesimama pale anatazama saa. Siku ya tatu koili ikaungua. Fundi wa kuzungusha waya alipoifungua alikuta alumini, si shaba, akasema gharama ya kuitengeneza inakaribia nusu ya bei yake. Mnara ukapewa watu wengine. Mmoja wa vijana aliuza mabati aliyokuwa amenunua kwa ajili ya nyumba yake.

Nimemwandikia mkopeshaji nikimwomba jambo moja: kabla mtaalamu hajatia sahihi nyingine, aje huku kilimani achomelee kwa mashine aliyoichagua, tangu asubuhi mpaka adhuhuri, au awaachie wenye deni wachague wenyewe. Sijapata jibu. Anayekuja bila kukosa ni mkusanya marejesho, kila tarehe 5, na mashine iko kwangu chini ya turubai.